Mguu uliotangulia kuzikwa: je, roho isiyo na mwili huumia?

Baba yetu mdogo alikatwa mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti, kwa sababu ya kisukari. Mguu ule ulifungwa kitambaa cheupe ukazikwa pembeni mwa migomba ya nyumbani, Upareni, miaka miwili kabla ya mwenyewe kuufuata. Kilichotutia simanzi ni kwamba dole gumba la mguu uliozikwa halikuacha kumuuma. Usiku alikuwa akiinuka ili alikune, mkono unakuta shuka. "Linawaka," alituambia, na jasho lililomtoka lilikuwa la kweli.

Alipofariki, binti yake wa mwisho alinishika mkono pale msibani akaniuliza, "Kaka, baba bado anaumia?" Ukoo wetu una Waislamu, Walutheri na Wasabato, jambo la kawaida kabisa milimani kwetu, kwa hiyo majibu matatu yalikuja kabla sijafungua kinywa. Shangazi, ambaye ni Msabato, akasema: amelala, hajui lolote. Mzee mmoja wa msikitini akasema: yuko barzakhi, ile hali iliyo kati ya kifo na ufufuo, tumwombee. Mama mdogo, aliyelelewa katika Ulutheri, alisema tu kwamba yuko mikononi mwa Mungu. Mtoto akabaki ananitazama mimi.

Siku ile sikumjibu. Tangu hapo nimesoma, nimewauliza wazee, nimewauliza na wauguzi. Hapa nayaweka majibu hayo moja kando ya jingine, kwa ajili yake na kwa yeyote aliyesimama kaburini akiwa na swali hilo hilo, ili achague huku akijua anachokichukua na anachokiacha.

Kiumacho na aumiaye

Kwanza tuisikilize lugha yetu wenyewe. Tunaposema "jino linaniuma", jino ndilo mtenda na mimi ni mtendwa. Kuuma huku ni kule kule kwa siafu na mbwa. Kiungo huuma, mtu huumia. Kiswahili kimeshatenganisha vitu viwili ambavyo wanafalsafa wamevihangaikia kwa karne nyingi: kiumacho, na aumiaye. Sasa sema "roho inaniuma". Hapo roho imehamia upande wa pili, imekaa pale lilipokuwa jino. Inauma yenyewe, na anayeumia ni huyo "mimi" ambaye hatujui tumweke wapi.

Wala roho haijaachana na mwili katika maneno yetu. Kumkaba mtu roho ni kumkaba koo. Qur'ani nayo, katika Suratul Qiyama, inaieleza saa ya mauti kuwa ni pale roho inapofika mitulingani, hapo karibu na koo. Kwa hiyo anayedhani kwamba wazee wetu waliiona roho kama moshi usiohusiana na nyama na mifupa, hajawasikiliza vizuri.

Basi katika kila jibu nitatazama mambo matatu: aumiaye ni nani, kiumacho ni nini, na aliyefiwa anabaki na kazi gani kesho yake asubuhi. Hili la tatu halimo sana vitabuni, lakini kwangu ni zito kuliko mengine.

Jibu la shangazi: hakuna aumiaye

Wasabato walifika Upareni mwaka 1903, wakaanzia Giti, na fundisho hili limekuwa kwetu tangu wakati huo. Mashahidi wa Yehova nao wanafundisha jambo linalokaribiana nalo. Msingi wake ni Mwanzo 2:7: Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi, akampulizia pumzi, na mtu "akawa nafsi hai". Shangazi hukazia neno lile "akawa". Mtu hakupewa nafsi kama anayepewa koti. Mavumbi na pumzi vilipokutana, yeye mzima ndiye nafsi. Vikitengana, hakuna kipande kinachobaki kando kikisikia uchungu. Mhubiri 9:5 inasema wazi kwamba wafu hawajui neno lolote.

Wasabato hawasemi kwamba hukumu haipo. Wanasema inasubiri ufufuo, yaani inasubiri mwili, na mwisho wa waovu ni kuangamia kabisa, si kuteseka milele. Kwa hiyo katika mpango wao wote hakuna hata dakika moja ambapo roho peke yake inaumia.

Ugumu wao mkubwa uko katika Luka 16. Tajiri amekufa, yuko katika mateso, anamwomba Ibrahimu amtume Lazaro achovye ncha ya kidole majini auburudishe ulimi wake. Wasabato hujibu kwamba ule ni mfano, na mfano haufundishi ramani ya kuzimu. Mimi naongeza jambo moja: tajiri yule ana ulimi, na Lazaro ana kidole. Hata anayelichukua simulizi lile neno kwa neno hana mbele yake roho tupu, ana watu wenye viungo.

Mama mdogo alishangaa nilipomwambia kwamba Martin Luther mwenyewe alizungumza mara nyingi kuhusu kifo kama usingizi. Makanisa yaliyotokana naye hayakulishika sana hilo, lakini si jambo geni nyumbani kwake kama alivyodhani.

Kazi ya aliyefiwa katika jibu hili ni nyepesi na ni nzito. Ni nyepesi kwa sababu hana wa kumtetea usiku. Ni nzito kwa sababu hana cha kumfanyia tena.

Jibu la msikitini: barzakhi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndani ya jibu hili kuna majibu kadhaa, na wengi tunaolisikia kaburini hatuambiwi hivyo.

Kwamba kuna adhabu na neema kaburini, wanazuoni walio wengi wa Kisunni wanakubaliana. Aya inayotajwa sana ni ile ya Surat Ghafir, 40:46, kuhusu watu wa Firauni: wanaonyeshwa moto asubuhi na jioni, kisha ikifika Saa, yaani Kiyama, wanaingizwa katika adhabu iliyo kali zaidi. Kama kuna asubuhi na jioni kabla ya Saa, basi kuna muda, na katika muda huo kuna anayeona. Hadithi zinaongeza kwamba maiti husikia vishindo vya viatu vya waliomzika wanapoondoka, na kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Ndiyo maana waosha maiti wetu huyageuza mabega ya marehemu polepole, kama anayemgeuza mtoto aliyelala. Niliwaona wakimfanyia hivyo baba mdogo. Kile kisehemu kilichobaki cha mguu walikiosha kwa upole kuliko sehemu yoyote.

Lakini aumiaye huko ni nani? Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki 1064, alisema ni roho peke yake. Mwili haurudiwi na uhai kaburini. Wengi walimpinga, wakasema ni roho na mwili pamoja, kwa namna ambayo jicho letu halifiki. Ibn al-Qayyim wa Damascus, aliyefariki 1350, alilipanga jambo hili kwa namna ninayoiona nzuri sana: duniani hukumu huufikia mwili, roho ikafuata; kule barzakhi huifikia roho, mwili ukafuata; siku ya ufufuo huvifikia vyote viwili kwa ukamilifu. Kwake yeye mwili haujatupwa nje ya habari. Umebadilishana tu nafasi na roho, aliyekuwa mbele sasa yuko nyuma.

Kisha kuna al-Ghazali, aliyefariki 1111. Alitaja njia kadhaa za kuwaelewa wale nyoka wa kaburini, wanaosimuliwa kwamba huwauma waovu. Mojawapo ni hii: mtazame aliyelala. Anaota nyoka anamuuma, anapiga kelele, jasho linamtoka, na wewe uliyekaa kando ya kitanda huoni nyoka yeyote. Maumivu yake ni ya kweli kwake; nyoka wake yupo pale alipo yeye, wala si pale ulipo wewe. Nilipousoma mfano huo nilimkumbuka baba mdogo akilikuna dole gumba ambalo sote tulijua liko chini ya migomba.

Aya ya Surat Zumar, 39:42, inauunga mkono mfano huo kwa namna yake: Mwenyezi Mungu huzichukua nafsi zinapokufa, na zile zisizokufa huzichukua usingizini. Usingizi na mauti viko katika sentensi moja. Ajabu ni kwamba shangazi naye anautumia usingizi, ila yeye anachagua ule usiokuwa na ndoto.

Kuna aya nyingine ambayo anayechagua asiiruke. Surat An-Nisaa, 4:56, kuhusu Jahannamu baada ya ufufuo: kila ngozi zinapoiva, hubadilishwa nyingine ili waonje adhabu. Kwa nini ngozi mpya, kama roho peke yake ingetosha kuuonja moto? Mimi naisoma kama dalili kwamba uchungu wa kuungua una mlango wake, na mlango huo ni ngozi.

Aliyefiwa katika jibu hili ana kazi nyingi: kuosha, kuswali, dua, sadaka, na kwa wanaoifuata, talkini, yaani kumkumbusha marehemu maneno ya imani pale kaburini, ambayo wengine wanaikataa. Hata kulia kuna mjadala. Ilisimuliwa kwamba maiti huadhibiwa kwa kuliliwa na watu wake. Bibi Aisha akaupinga uelewa huo kwa aya isemayo kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Nawaomba wanaowanyamazisha wajane kwa ukali wakumbuke kwamba Bibi Aisha alilisema hilo.

Jibu la Kanisa la kale: roho peke yake yatosha

Augustino wa Hippo, mji uliokuwa pwani ya Algeria ya leo, aliligeuza swali. Wewe unauliza kama roho inaweza kuumia bila mwili. Yeye anauliza kama mwili umewahi kuumia hata siku moja. Maiti ukimchoma hasikii. Basi hata jino likiuma, anayeumia ni roho, kwa kupitia jino. Kama aumiaye alikuwa roho siku zote, kuondoka kwa mwili hakumwondoi aumiaye.

Ni hoja kali, lakini ina pengo: inathibitisha kwamba mwili peke yake hauumii, haithibitishi kwamba roho peke yake inaumia. Unga peke yake si ugali, na maji peke yake vilevile si ugali.

Thoma wa Akwino, aliyefariki 1274, aliliona pengo hilo. Alikubali kwamba hisia za mwili, kama kuungua na kuchomwa, zinahitaji viungo. Moto basi unaiumizaje roho? Alijibu kwamba unaizuia. Unaifunga mahali isipopataka, unaizuia kutenda itakavyo, na roho inajua kwamba imefungwa na kitu kilicho duni kuliko yenyewe. Ndege aliyenaswa kwenye ulimbo hachomwi na kitu, lakini mtazame macho. Kiumacho hapa ni kujua kwamba umezuiwa. Juu ya hapo Wakatoliki wanaweka uchungu mkubwa kuliko wote, wa kumkosa Mungu, ambao hauhitaji ngozi hata kidogo.

Kanisa lilisita pia. Papa Yohane XXII alihubiri kwamba roho za watakatifu hazitamwona Mungu waziwazi mpaka hukumu ya mwisho, akarudi nyuma kabla ya kufa 1334. Mrithi wake, Benedikto XII, akatoa tamko mwaka 1336 kwamba malipo ya roho huanza mara baada ya kifo, kabla mwili haujafufuliwa. Tangu hapo Mkatoliki ana kazi ya kufanya: roho za toharani, yaani zile zinazotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, zinaombewa, hasa tarehe 2 Novemba. Mlutheri hana tohara hiyo, na mama mdogo alipokosa la kusema zaidi ya "mikononi mwa Mungu" hakuwa anakwepa, ndivyo alivyofundishwa.

Nitaje kwa kifupi majibu mawili yaliyo jirani zetu. Wahindu wengi husema roho haiendi tupu. Ina mwili mwembamba usioonekana, na maandiko yao yanataja mwili maalumu unaovaliwa kwa ajili ya kuonja mateso. Wagiriama nao husema koma, yaani marehemu, huja ndotoni kudai chakula, nguo au kukumbukwa, na wazee wa Gohu, chama chao cha wazee, wakifa huchongewa kigango, yaani nguzo ya mti ya kumbukumbu. Vigango vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo. Viwili vilirudishwa Kenya kutoka Marekani mwaka 2007. Kwa familia zilizoibiwa, aliyenyang'anywa mahali pa kukaa alikuwa marehemu.

Jibu la hospitali, na nahodha wa jahazi

Nilimweleza muuguzi habari ya dole gumba. Hakushangaa. Daktari Silas Weir Mitchell wa Marekani aliliandikia jambo hilo mwaka 1871, baada ya kuwatibu askari wengi waliokatwa viungo vitani. Wengi wa waliokatwa huendelea kukihisi kiungo, na wengi wao kinawauma.

Nilikuwa nimejiandaa kusema: unaona, kiumacho hakipo na aumiaye bado anaumia, basi roho nayo yaweza! Muuguzi akanirudisha taratibu. Mguu haupo, lakini ubongo uliokuwa ukiusikiliza mguu bado upo. Mpe nusukaputi, na dole gumba litanyamaza mara moja. Tangu ile tarehe 16 Oktoba 1846, pale Boston, etha ilipoonyeshwa hadharani na mgonjwa akapasuliwa uvimbe shingoni, tunajua kwamba mvuke kidogo unaweza kumzima aumiaye huku kisu kikiendelea. Kama mvuke unatosha, kufa kwa ubongo je?

Sijapata hoja nzito kuliko hiyo katika kulitafuta jibu hili. Muumini anaweza kusema kwamba mpiga udi aliyekatiwa nyuzi bado ni mpiga udi, tatizo ni ala. Ni sawa, lakini basi akubali kwamba bila nyuzi wimbo ule hautasikika.

Na wapo ambao nyuzi zao hazikuwahi kufanya kazi. Mwaka 2006 watafiti walieleza kuhusu familia za kaskazini mwa Pakistan zenye watu wasiosikia maumivu kabisa tangu kuzaliwa, kwa sababu ya hitilafu katika jeni moja, SCN9A. Mmoja alikuwa kijana aliyetembea juu ya makaa mbele ya watu. Roho anayo, mwili anao, moto upo, uchungu hakuna. Mwaka 1928 madaktari wawili wa Vienna walikuwa wameeleza hali nyingine: mgonjwa anachomwa sindano, anakiri kwamba inauma, na haimsumbui, wakati mwingine anatabasamu. Yaani hata kuumia kuna vipande, na kimoja chaweza kuondoka kikamwacha kingine.

Je, "roho inaniuma" ni tamathali tu? Mwaka 2003 watafiti waliwatengea watu mchezo wa mpira kwenye kompyuta, kisha wakawabagua wasipewe pasi. Sehemu ya ubongo inayohusika na maumivu ya mwili ilionekana ikifanya kazi. Mwaka 2014 wengine wakaonyesha kwamba ukitazama kwa makini zaidi, mifumo ya aina hizo mbili inatofautiana. Sayansi basi inakubali kwamba kuna uchungu usioanzia kwenye jeraha, lakini haijawahi kuukuta pasipo ubongo.

Aliyenisaidia zaidi kuyapatanisha haya ni Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, ambaye kwa kawaida hulaumiwa kwa kuitenga nafsi na mwili. Mwaka 1641 aliandika kwamba yeye hayumo mwilini kama nahodha alivyo ndani ya chombo. Nahodha huona ubao wa jahazi umepasuka, haumuumi. Sisi mwili ukijeruhiwa hatuoni tu, tunaumia, na hiyo ndiyo dalili kwamba tumechanganyika nao.

Haya yafuatayo ni yangu, si yake. Jahazi likizama na nahodha akatupwa ufukweni, hatausikia tena ubao ukipasuka. Lakini anaweza kukaa mchangani akalia kwa ajili ya jahazi, kwa ajili ya abiria aliowapakia kuzidi kiasi, kwa ajili ya maonyo aliyoyapuuza. Kilio hicho hakihitaji ubao.

Kama unachagua

Ukiniuliza mimi, uchungu wa moto, wa jino na wa kisukari unahitaji mwili, huu au mwingine. Hapo shangazi, muuguzi, Thoma na ile aya ya ngozi wako karibu kuliko wanavyojua. Uchungu wa kujua, wa majuto na wa kukosa, huo naona unaweza kubaki kama aumiaye amebaki. Kama amebaki, hilo halipimwi kwa kipimo cha hospitali. Ni imani, na mimi ninayo.

Kama kinachokutesa usiku ni kumwona marehemu akiendelea kuugua ugonjwa wake, jibu la usingizi litakupumzisha haraka zaidi, na huhitaji kuwa Msabato ili uone nguvu yake. Kama kinachokutesa ni kwamba hukumaliza kumtendea wema, usingizi utakuacha mikono mitupu; barzakhi na tohara vitakupa la kufanya. Kama umedhulumiwa na aliyekufa kabla hajakuomba radhi, jibu la hospitali litakuonea, maana kwake yeye mambo yameisha, na wewe bado una jeraha. Na kama unamlea mtoto aliyefiwa, tafadhali usimpe nyoka wa kaburini bila kumpa na mfano wa ndoto wa al-Ghazali. Nimewaona watoto waliopewa nyoka peke yao.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani. Binti yule sasa yuko darasa la sita. Nilimwambia kwamba nimewauliza watu wengi, kwamba hawakubaliani, lakini kuhusu dole gumba wote wanasema limenyamaza. Nikamwambia pia ile hadithi kwamba hata mwiba unaomchoma Mwislamu humfutia makosa, na baba yake aliumwa zaidi ya mwiba, kwa miaka.

Akafikiri. Akauliza, "Na ule mguu, utamrudia?"

Nikamwambia siku ya kufufuliwa, ndiyo, wote tunaoamini ufufuo tunasema hivyo, hata shangazi.

Akachukua ndoo akaenda kisimani. Njia inapita kati ya kaburi na ile migomba, na nilimwona amepunguza hatua mara mbili.